Masaa Saba Tu

Ukiuliza simu yako Nairobi na New York ziko umbali gani, itakujibu haraka kuliko konda anayeitisha nauli. Kilomita kama 11,840 kwa hewa. Masaa kumi na manne ukija huku, karibu kumi na tano ukienda kule. Jibu safi kabisa. Unarudisha simu mfukoni ukidhani umejua kitu.

Mimi na hilo jibu tumekosana tangu Julai mwaka jana, na leo acha niwaambie kwa nini. Ni stori ndefu kidogo, kwa hivyo tafuta kiti.

Nimelelewa Embakasi. Kama unaijua, unajua pia ndege ni majirani zetu. Tukiwa watoto mimi na siz tulikuwa tunapanda juu ya ploti, pale kwa kamba za nguo, tunapungia mikono kila ndege inayopita. Mimi nauliza, "Hiyo inaenda wapi?" Yeye anajibu, "London." Zote zilikuwa zinaenda London. Hata zile ndogo za propela za kupeleka miraa, kwa siz zilikuwa London. Hakuna siku alisema New York, labda kwa sababu siku hizo kulikuwa hakuna ndege ya kutoka hapa kwenda huko bila kupitia kwa watu. Ilibidi ushukie Ulaya, ama Ghuba, ama Addis. Kwanza Marekani ilibidi ikubali kiwango cha usalama wa anga wa Kenya, kitu ilifanya 2017. Halafu tarehe 28 Oktoba 2018 Kenya Airways wakarusha ile Dreamliner ya kwanza, moja kwa moja. Nakumbuka mtaa mzima uliongea hiyo wiki, na hakuna mtu kwa ploti yetu alikuwa na tiketi hata ya Kisumu.

Siz aliondoka 2021. Alipata makaratasi, akaenda, na sasa anaishi New Jersey akitunza wazee wa watu. Ndiye alikuwa analipa nusu ya kila kitu kwetu, na naongea nikijua bili zote.

Sasa kuna shosh. Shosh alikuwa anaishi ushago, nje kidogo ya Machakos. Hakuwahi kupanda ndege, na sidhani aliwahi kuona ramani ya majira ya saa. Lakini ukimuuliza saa yoyote, hata katikati ya kupepeta maharagwe, "Shosh, siz kwake saa ngapi?" alikuwa anakujibu bila kuangalia juu. Mimi nilikuwa nafungua simu kuhakikisha na kila mara yuko sawa. Nikafikiri ni uchawi. Siku moja nikambana anieleze.

"Natoa moja," akasema.

Ikabidi nikae chini nipige hesabu. Miezi ya katikati ya mwaka New York iko nyuma yetu masaa saba. Na sisi tukihesabu saa kwa Kiswahili, saa zetu ziko nyuma ya zile za Kizungu masaa sita. Saba toa sita ni moja. Kwa hivyo chukua saa ya Kiswahili, toa moja, na unapata namba iliyo kwa saa ya ukutani ya mtu wa New York. Hapa saa tatu usiku, kule saa yao inasoma mbili, mchana. Hapa saa nne asubuhi, kule inasoma tatu, na watu wamelala fofofo. Jaribu sasa hivi. Maze, mimi nilikuwa na apu tatu za kufanya hiyo kazi na mama wa miaka themanini anaifanya kwa kichwa.

Ikifika Novemba, Wamarekani wanarudisha saa zao nyuma, na inakuwa kutoa mbili hadi Machi. Shosh alikuwa anaiita "ile miezi wanatuibia saa". Alikuwa anakasirika kabisa, kana kwamba siz ndiye amesukumwa mbali zaidi. Na ukifikiria, hakukosea sana, kwa sababu simu ya jioni ilikuwa inampata siz akiwa katikati ya kazi.

Tukuje Julai. Jumanne saa mbili usiku mathe alinipigia kutoka hospitalini Machakos. Shosh alikuwa amelazwa tangu Ijumaa, kifua. Daktari alikuwa amemwambia mathe kwa upole aite watu. Kila mtu Kenya anajua hiyo sentensi inamaanisha nini.

Nikampigia siz. Toa moja: kwake saa saba mchana, yuko kazini. Hakulia. Alisema, "Nitafutie tiketi, mimi siwezi kushika simu hadi jioni. Nitumie link nitalipa." Halafu akakata kwa sababu kuna mzee alikuwa anamuita.

Hapa ndipo mimi naingia kwa hii stori vibaya.

Nilifungua laptopu nikapata njia mbili za maana. Ya kwanza ni ile ya moja kwa moja, inatoka New York Jumatano mchana, masaa kumi na manne. Ya pili inatoka Jumatano usiku, inapitia Doha, masaa ishirini na dakika arobaini na tano. Ile ya moja kwa moja ilikuwa karibu mara mbili ya bei ya ile nyingine. Sio utani, karibu mara mbili. Na mimi nilikuwa najua kwa akaunti ya siz kuna nini, kwa sababu deposit ya hospitali alikuwa ametuma yeye, Jumamosi. Pia nilijua, na hapa nasema ukweli wangu wote, kwamba kama shosh ataenda, mazishi pia yatamwangukia yeye.

Nikaangalia hizo namba mbili. Kumi na nne, ishirini na kitu. Nikajiambia, tofauti ni masaa saba tu. Nikamtumia link moja. Ya Doha.

Sikumwambia kuna nyingine.

Wacha nieleze kosa langu vizuri, kwa sababu naona watu wengi wanalifanya na hawajui. Ile namba ya "muda wa safari" inaanza kuhesabu ndege ikiondoka. Haihesabu wewe ukisubiri. Ile ya moja kwa moja ilikuwa inatoka New York saa sita na nusu mchana, ambayo kwetu ni saa moja na nusu usiku wa Jumatano, na inafika hapa Alhamisi saa tatu na nusu asubuhi. Ile ya Doha ilikuwa inatoka saa tatu usiku huko, kwetu ni saa kumi alfajiri ya Alhamisi, na inafika hapa usiku wa kuamkia Ijumaa, saa saba kasoro robo. Sasa toa. Sio masaa saba. Ni masaa kumi na tano na robo. Namba zote zilikuwa hapo kwa skrini, kwa maandishi madogo. Mimi nilisoma yale makubwa.

Umbali wenyewe pia sikuwa nimeuelewa. Chukua tufe, lile la shule lenye vumbi, uvute uzi kutoka Nairobi hadi New York. Huo uzi hauendi vile unafikiria. Unakata kona ya Uganda, Sudan Kusini, unapita Chad, Niger, jangwa la Algeria, unatokea pwani ya Morocco, ndio sasa unaingia Atlantiki. Na ukifika pwani ya Morocco, ushamaliza zaidi kidogo ya nusu ya safari. Yaani nusu ya njia ya kwenda Marekani ni Afrika. Hiyo kitu ilinishangaza hadi nikapima tena. Lakini ukipitia Doha, unasafiri karibu kilomita 10,770 hadi huko, halafu kama 3,350 kurudi chini Nairobi. Jumla ni zaidi ya 14,000. Umeongeza kilomita kama 2,300, na kwa barabara hiyo ni karibu mara tano ya Nairobi hadi Mombasa. Siz alilipa pesa kidogo kusafiri mbali zaidi. Hivyo ndivyo bei za ndege zilivyo.

(Na kabla mtu aniulize: kuja huku ni haraka kuliko kwenda kwa sababu ya upepo. Huko juu kuna pepo kali zinavuma kutoka magharibi kwenda mashariki, na rubani anazitumia kama mtu amepata lifti. Sio ati dunia inazunguka kuja kukutana na ndege. Dunia inazunguka na hewa yake.)

Alhamisi alfajiri nilikuwa macho. Nilifungua Flightradar24 nikaona kale kandege ka manjano kakitoka New York. Kama hujui, ndege zenyewe huwa zinatangaza ziko wapi kwa redio, na kuna watu wa kawaida dunia nzima wameweka antena ndogo kwa mapaa yao wakinasa hizo habari. Juu ya bahari hakuna mapaa, kwa hivyo hapo katikati ya Atlantiki mara nyingi unachoona ni makadirio tu. Niliangalia makadirio ya siz kwa masaa. Nikapanda matatu ya Machakos nikiangalia. Nikafika hospitalini nikiangalia.

Shosh alienda saa tano na dakika chache asubuhi. Mathe alikuwa amemshika mkono, mimi nilikuwa nimesimama karibu na dirisha. Nilipotoka nje kwa korido nikafungua simu bila kujua kwa nini. Kandege kalikuwa juu ya Ujerumani.

Kwa ile familia yote, kutoka Machakos hadi binamu yetu aliye Dubai, ndani ya nusu saa kila mtu alikuwa anajua. Mtu mmoja tu ndiye alikuwa hajui, na ndiye alikuwa anakuja kwa sababu yake. Labda alikuwa anakula ile chakula ya foili. Labda alikuwa amelala. Kilomita karibu kumi juu, kasi ya 900 kwa saa, na kwake shosh bado alikuwa hai. Hicho kitu kilinikaa kifuani na sijui nikiite nini.

Wakubwa wakakaa chini ya mti nje ya hospitali. Swali lilikuwa moja: Doha ana masaa matatu, na uwanja wa huko una intaneti ya bure. Atapiga. Tumwambie? Mathe alitaka aambiwe. Anko mkubwa akakataa. Alisema, "Mtoto asilie peke yake kwa nchi ya watu." Wengi wakakubali. Kisha wote wakanigeukia mimi, kwa sababu kila mtu alijua namba atakayopiga ni yangu.

Kuna kitu kuhusu Doha: saa yao na yetu ni moja. Mwaka mzima, hakuna cha kutoa. Siz alipiga saa kumi na moja kasoro dakika kumi jioni, na kwa mara ya kwanza tangu 2021 mimi na yeye tulikuwa kwa saa moja ile ile.

"Shosh anaendeleaje?"

"Amelala," nikasema.

Wallahi sikupanga. Nilikuwa nimepanga kusema "yuko vile vile". Hilo neno lilitoka lenyewe, na kwa Kiswahili, wewe unajua, halikuwa uongo kabisa na halikuwa ukweli.

"Basi msimuamshe. Mwambie niko karibu."

"Sawa."

Akaniuliza kama nimekula. Akaniambia amemnunulia shosh sweta. Akasema huko Doha kuna baridi ya easi hadi ingekuwa vizuri aivae yeye. Tukacheka. Nimecheka na dada yangu dakika nne kwa simu na shosh akiwa mochari, na hiyo dakika nne ndiyo sijawahi kuimaliza.

Usiku tulienda uwanjani watu sita. Hilo lilikuwa kosa la pili, ama labda ilikuwa heri, sijui. Siz alipotokea pale kwa mlango na mkoba wake, akatuona tumejipanga. Mathe na leso. Anko. Akatuhesabu kwa macho. Mtu akiwa mgonjwa kabisa Machakos, nani anamwacha watu sita waje uwanjani usiku wa manane? Alijua kabla mtu afungue mdomo. Akaweka mkoba chini polepole.

Mathe alipomwachilia, akanigeukia. "Saa ngapi?"

"Saa tano. Asubuhi."

Nikaona akihesabu. Saa tano, saa kumi na moja. Midomo yake ilisonga kidogo.

"Kwa hivyo Doha..."

"Eeh."

Hakuniongelesha hadi Jumapili. Alikuja kuniambia baadaye, bila hasira, kwamba angependa kuambiwa Doha. Kwamba angelia na wageni, ni sawa, lakini zile masaa tano za mwisho kwa ndege alikuwa anafanya mazoezi ya vile atamsalimia. Mimi mpaka leo sijui nani alikuwa sawa, yeye ama anko. Nilichoamini siku hiyo sikiamini tena, lakini nikijiweka kwa kile kiti cha Doha peke yangu, naogopa pia.

Mazishi tulifanya wiki iliyofuata. Siz alikuwepo, na hiyo peke yake ni bahati ambayo watu wengi hawana. Wale hawana makaratasi, wakitoka hawawezi kurudi, kwa hivyo wanamzika mama kwa simu. Nimeshawahi kuwa yule jamaa wa kushika simu juu ya kaburi, kwa jirani. Unasikia mtu analia kwa spika na bando inakaribia kuisha, na huwezi kumwambia.

Sasa ile hesabu. Nimeifanya mara nyingi kuliko hesabu yoyote ya KCSE. Kama ningemtumia ile link nyingine: anatua saa tatu na nusu. Hana begi la kusubiri, kwa hivyo anatoka saa nne na robo, tuseme. Mombasa Road, Mlolongo, Athi River, unakata Kyumvi, hospitali. Saa tano na nusu ikiwa hakuna jam. Shosh alienda saa tano na dakika chache. Kwa hivyo angechelewa dakika ishirini na kitu. Ama upepo ungesukuma, ndege itue mapema nusu saa, kitu ambacho hutokea sana, na angempata. Ama kungekuwa na lori limelala Mlolongo. Kila nikimaliza hesabu napata jibu tofauti. Nimeshawahi kukaa juu ya ploti usiku nikifungua rekodi ya ndege ya hiyo siku, niangalie ilitua saa ngapi hasa. Nikafunga kabla ifunguke. Sijawahi kuangalia. Tafadhali msiniangalizie.

Mwezi uliopita nilimwambia. Nilimpigia saa mbili usiku, nikamweleza kulikuwa na tiketi mbili na mimi nikachagua kwa niaba yake, na kwamba hii kitu nataka kuiandika lakini sitaiweka bila yeye kusema sawa. Kukawa kimya. Nikafikiri laini imekatika, nikaangalia skrini, dakika zilikuwa zinaendelea kuhesabu.

"Ilikuwa pesa ngapi?"

Nikamwambia.

Kimya tena. Nilisikia gari likipita nyuma yake, siren.

"Sijui ningechukua gani," akasema. "Labda ningechukua hiyo hiyo ya Doha. Sijui. Lakini siku nyingine nitumie zote mbili."

"Sawa."

"Zote. Hata kama ni ghali ya ujinga."

"Sawa, siz."

Halafu akaniuliza kama mathe yuko karibu. Alikuwa karibu, jikoni, anakatakata sukuma. Nikampelekea simu. Kabla aishike akafuta mikono kwa aproni, akaangalia saa ya ukutani, akaninong'oneza, "Sasa hivi tunatoa moja ama mbili?"